Maswali ya Wasomaji: Kupunguziwa Bei ya Nyumba Mpya Nairobi

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu fleti mpya zinazouzwa na kampuni zilizozijenga, na jinsi ya kujadiliana bei. Hesabu zote tumeziandika kwa shilingi ili kila mmoja azifuate kwa kalamu yake.

Tumepata fleti ya vyumba viwili Kileleshwa, jengo limekamilika, bei Sh9.5 milioni. Benki iko tayari kutukopesha asilimia 90. Ajenti amekataa katakata kushusha bei, lakini anasema tutawekewa kabati nzuri zaidi za jikoni, jiko la kisasa na hita ya maji, vyote vya Sh400,000. Tukubali?
*Mke na mume, Kasarani*

Msikubali bado. Akiwapa vitu vya Sh400,000, maana yake kampuni ina nafasi ya kupunguza. Kilichobaki kujadiliwa ni punguzo hilo lije kwa sura gani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza.

Kampuni hailindi kitu kama inavyolinda bei iliyochapishwa. Fleti yenu ikiuzwa kwa Sh9.1 milioni, bei hiyo itaingia kwenye hati za uhamisho, wathamini wataitumia kukadiria fleti za jirani, na aliyelipa bei kamili mwezi uliopita ataanza kupiga simu akiuliza. Kabati na jiko haziachi alama yoyote kwenye makaratasi. Isitoshe, kampuni hununua vitu hivyo kwa jumla, kwa hiyo kinachoitwa cha Sh400,000 huigharimu pungufu ya hapo. Nendeni maduka mawili ya vifaa vya jikoni mkaulize bei za vitu vilevile kabla ya kukubali hesabu ya ajenti.

Sasa linganisheni. Bei ikishuka kwa Sh400,000, ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 na hulipwa na mnunuzi, unapungua kwa Sh16,000. Malipo yenu ya awali ya asilimia 10 yanapungua kwa Sh40,000. Lakini faida kubwa imefichika kwenye mkopo: Sh360,000 ambazo hamtakopa, kwa riba ya asilimia 14 na miaka 15, zingewagharimu kama Sh4,800 kila mwezi, jumla karibu Sh863,000. Huwezi kupata kabati za thamani hiyo. Tahadhari moja: mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani kubwa kuliko bei mliyoandika, ushuru utahesabiwa kwa thamani yake yeye, kwa hiyo msizihesabu zile Sh16,000 kama pesa zilizo mfukoni.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu ambaye amana yenyewe ameikusanya kwa shida: bei ibaki Sh9.5 milioni, kampuni iwalipie ushuru wa stempu. Asilimia 4 ya bei hiyo ni Sh380,000, na ni pesa taslimu ambazo mngetakiwa kuwa nazo mkononi. Kupunguziwa bei kunawaokolea Sh56,000 tu za mwanzoni. Kulipiwa ushuru kunawaokolea zote 380,000. Kwa muda mrefu kupunguziwa bei kunashinda, lakini kama kukosa hizo 380,000 kutawapeleka kwenye mkopo wa simu au wa sacco wa haraka, chukueni ushuru. Kampuni nazo hukubali hili kwa urahisi zaidi kwa sababu bei yao iliyochapishwa haijaguswa.

Hili la ushuru huharibika mahali pamoja. Ushuru hulipwa kabla ya uhamisho kusajiliwa, ilhali benki kwa kawaida huachilia pesa za mkopo baada ya usajili. Kampuni ikiandika tu kwamba italipa ushuru, siku ikifika itasema inangoja pesa za benki, na benki inangoja usajili. Kila mtu anamngoja mwenzake, riba mliyoahidiwa na benki ikitishia kubadilika. Mkataba useme kampuni italipa ushuru kutokana na fedha zake, kabla ya hati kuwasilishwa kusajiliwa, na utaje idadi ya siku.

Mkienda kujadiliana, ombeni kuonana na meneja wa mauzo. Ajenti hana mamlaka ya kubadilisha chochote isipokuwa orodha ya zawadi aliyopewa. Nendeni na barua ya benki inayoonyesha mkopo umeidhinishwa, kisha semeni hivi: “Tukikubaliana leo, asilimia 10 inaingia kwa wakili wenu wiki hii. Bei yenu ibaki ilivyo, lakini mtulipie ushuru wa stempu na msitudai ada ya wakili wenu.” Hiyo ada ya wakili wa muuzaji hudaiwa wanunuzi katika majengo mengi ya Nairobi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuachiliwa mnunuzi anapoikataa. Wakili wenu mlipeni wenyewe. Ukipewa “wakili wa bure” na muuzaji, huyo ni wakili wa muuzaji.

Nguvu yenu nyingine ni ripoti ya mthamini wa benki. Tuseme ameikadiria fleti kwa Sh9 milioni. Benki itatoa asilimia 90 ya thamani hiyo, yaani Sh8.1 milioni, nanyi mtahitaji Sh1.4 milioni badala ya Sh950,000. Pelekeni ripoti hiyo kwa meneja. Mnunuzi yeyote mwingine wa mkopo atagonga ukuta huohuo, na meneja anajua. Kwa hiyo uthamini ufanywe kabla ya kutia sahihi, hata kama mtaugharimia.

Ulizeni pia zimebaki fleti ngapi, na zipi. Zilizobaki mwishoni mwa mradi huwa za orofa ya chini, zinazotazama ukuta wa jirani, au zilizo karibu na lifti na jenereta. Kila mwezi zinapokaa wazi, kampuni inalipa riba kwa benki yake na ada ya huduma kwa jengo. Hapo bei yenyewe hushuka, si zawadi tu.

Ajenti alituandikia kwa WhatsApp kwamba tutapata nafasi mbili za kuegesha gari na kaunta ya graniti. Rasimu ya mkataba imekuja haina hata kimoja. Anasema tusiwe na wasiwasi.
*Msomaji, Syokimau*

Ndugu yetu, usitie sahihi. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kununua ardhi au nyumba uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Juu ya hayo, karibu kila mkataba wa kampuni za ujenzi una kifungu kinachosema makubaliano yote yamo ndani yake na ahadi nyingine zozote hazihesabiki. Ukishatia sahihi, ujumbe wa WhatsApp utabaki kuwa ujumbe.

Mwambie wakili wako aombe jedwali la vifaa lifungwe nyuma ya mkataba. Liandikwe kwa vipimo, kwa sababu “jiko la kisasa” haina maana yoyote mbele ya hakimu. Kwa kaunta: graniti, unene wa milimita 20, rangi uliyoichagua. Kwa kabati: MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) inayostahimili maji, hasa ile ya chini ya sinki. Chipboard ya kawaida hunyonya maji bomba linapovuja kidogo tu. Kingo huvimba, gamba la juu linabanduka, na bawaba zinang’oka pamoja na skrubu zake. Kwa maegesho: nambari ya kila nafasi, nayo ionekane kwenye ramani ya jengo. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, fleti inapaswa kupewa hatimiliki yake yenyewe kutokana na ramani iliyosajiliwa, kwa hiyo nafasi isiyo na nambari kwenye ramani itakuja kugombaniwa na majirani.

Tafuta maneno “au kinacholingana nacho” kwenye rasimu. Kampuni ina haki ya kuyaweka, kwani bidhaa huisha sokoni, lakini ongeza “kwa bei isiyopungua na kwa idhini ya mnunuzi kwa maandishi”. Wakikataa kuandika nafasi ya pili ya gari, basi haikuwapo. Omba thamani yake ikatwe kwenye bei.

Fleti iko kwenye ramani tu, njia ya Thika Road, bei Sh6 milioni. Naweza kulipa asilimia 20 na Sh200,000 kwa mwezi kwa miezi 24 bila riba, au nilipe zote sasa nipunguziwe asilimia 5. Nimeuza shamba, pesa ninazo.
*Mama wa watatu, Roysambu*

Mama, asilimia 5 haikutoshi. Ukilipa Sh1.2 milioni kwanza, zile Sh4.8 milioni zinabaki kwako zikipungua kidogo kidogo. Kwa wastani utakuwa na Sh2.5 milioni kwa miaka miwili. Zikikuletea asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi, hiyo ni kama Sh500,000. Ukiihesabu kwa thamani ya leo inakaribia asilimia 8 ya bei. Kampuni inakupa Sh300,000, na juu yake unabeba hatari ya jengo kukwama.

Hatari hiyo ndiyo kubwa. Tungekushauri ukatae kulipa zote hata kwa asilimia 10, isipokuwa pesa ziwekwe kwa wakili kama amana isiyoguswa mpaka hatua fulani ya ujenzi ifikiwe, jambo ambalo kampuni nyingi hazitakubali kwa sababu pesa hizo ndizo wanazojengea. Kuna njia ya katikati: lipa asilimia 40 sasa, kila sehemu inayofuata ifungwe na hatua ya jengo (msingi, orofa ya mwisho, paa, umaliziaji) iliyothibitishwa na msanifu wa mradi, nao wakupunguzie asilimia 4 au 5.

Kabla ya kuongea bei kabisa, fanya upekuzi rasmi wa ardhi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Ukikuta ardhi imewekwa rehani kwa benki, hilo ni la kawaida, lakini udai barua ya benki hiyo ikikubali kuiachilia fleti yako ukimaliza kulipa. Hakikisha pia mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na una idhini ya kaunti na ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kisha omba kitu ambacho hakimgharimu mjenzi mwaminifu hata senti: fidia ya kuchelewa. Baada ya tarehe ya kukabidhi na miezi 3 ya subira, kampuni ikulipe kila mwezi kiasi sawa na kodi ya fleti kama hiyo mtaani. Pia kuwe na tarehe ya mwisho kabisa, ambayo ikipita unaruhusiwa kujitoa na kurudishiwa pesa zote pamoja na riba. Jibu watakalokupa kwa ombi hilo litakueleza mengi kuhusu ratiba yao.

Tumeahidiwa mwaka mzima bila ada ya huduma. Ni punguzo zuri?
*Kilimani*

Ni zuri kwa kiasi chake: ada ya Sh8,000 kwa mwezi ni Sh96,000, basi. Omba bajeti ya jengo yenyewe: walinzi, lifti, dizeli ya jenereta, pampu ya kisima, usafi, bima. Jumla igawe kwa idadi ya fleti. Ikitoka Sh13,000 na mmetajiwa 8,000, mwaka wa pili shirika la wamiliki litakapochukua usimamizi, ada itapanda. Afadhali ulijue hilo sasa.

Nimesikia anayenunua nyumba ya kwanza halipi ushuru wa stempu.
*Umoja*

Msamaha huo ni wa mnunuzi wa kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu, si kila fleti mpya. Ajenti akikuambia umo, akuonyeshe karatasi ya kuthibitisha mradi. Kilicho cha wengi zaidi ni nafuu ya kodi ya mapato: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe hutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi Sh360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024. Mpelekee mwajiri hati ya benki.

Chama chetu kina watu watano wanaotaka fleti katika jengo moja. Tuende pamoja?
*Mweka hazina, South B*

Nendeni pamoja, na mapema. Mauzo matano kwa mkupuo humsaidia mjenzi mbele ya benki yake, kwa hiyo ombeni bei ipungue, msitosheke na vifaa. Lakini kila mmoja awe na mkataba wake na wakili aangalie kifungu kimoja: kampuni hupenda kuandika kwamba punguzo ni la watano wote wakikamilisha. Mmoja akinyimwa mkopo, wanne wanarudishiwa bei ya zamani. Dai punguzo libaki endapo watatu watakamilisha, na mwenye kujitoa aruhusiwe kuleta mtu mwingine ndani ya siku 30. Tena msikubali amana za watu watano ziingie kwenye akaunti ya chama. Kila mtu atume yake kwa wakili wa muuzaji, na risiti itaje nambari ya fleti yake.