Umesamehewa, Mbona Bado Unalipa?

Jumapili ya Chakula cha Bwana watu hutoka safu kwa safu kwenda madhabahuni, na kila mara wapo wanaobaki kwenye mabenchi. Wengine ni watoto ambao hawajapata kipaimara, wengine ni wageni. Lakini wapo pia watu wazima, Wakristo wa miaka mingi wanaoijua liturujia bila kutazama kitabu, ambao huinamisha uso na kufunuafunua kitabu cha nyimbo mpaka safu yao ipite. Nimekuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Kimara kwa muda wa kutosha kukaa na baadhi yao, sebuleni kwao au kwangu, tukaongea. Wengi si waasi. Walishatubu zamani. Wanachoshindwa ni kuamini kwamba walisikilizwa.

Nawaandikia hao. Naandika pia kama mtu mwenye la kwake, analolijua Mungu, mimi, na mtu mmoja niliyemwambia.

Hapa mjini sote tunajua maana ya marejesho. Ukichukua mkopo wa kikoba, au Mungu apishe mbali hii ya riba kubwa inayoitwa kausha damu, wiki haiishi bila kuwaza hela ya Ijumaa itatoka wapi. Mtu hubadili hata njia ya kwenda kituoni asikutane na anayemdai. Sasa mfikirie mtu ambaye deni lake limefutwa na mkopeshaji mwenyewe, mkataba umechanwa mbele ya macho yake, naye bado anapeleka marejesho kila wiki na bado anaukwepa ule mtaa. Ndivyo wengi wetu tunavyoishi na Mungu. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba Kristo aliifuta ile hati iliyokuwa ikitushitaki, akaigongomea msalabani. Hakuandika kwamba imepunguzwa, au imesogezwa mbele hadi mwenendo wetu uangaliwe.

Kuna dada mmoja ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Alizaa akiwa binti, kabla ya ndoa, huko mkoani kwao. Akatengwa, kisha akarudi kundini kwa utaratibu wetu: akasimama mbele ya usharika, mchungaji akamwombea, akapokelewa. Hayo yamepita zamani, mtoto mwenyewe sasa ana ndevu. Lakini tangu dada huyu ahamie Dar es Salaam hakuna kazi ya kanisa inayompita. Jumamosi anadeki, Jumapili anaimba kwaya, na msiba wowote ukitokea kwenye jumuiya yeye yuko jikoni tangu alfajiri. Mezani kwa Bwana hasogei. Siku moja alikuwa na homa, nikamwambia aende nyumbani akapumzike. Akanijibu, "Mama, nikikaa tu naona kama Mungu ataikumbuka."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimshika mkono tukakaa.

Utaratibu wa kurudi kundini siupingi. Una jambo jema ndani yake, maana kanisa linatamka mbele ya watu wote kwamba mlango uko wazi. Kinachoniuma ni sisi tuliokaa kwenye mabenchi. Tunaimba pambio la kumpokea mwenzetu, halafu miaka inapita na kosa lake bado linatajwa kila likitafutwa jina la kiongozi wa kina mama. Na mwanaume aliyehusika, mara nyingi hakuna hata anayejua alikaa benchi gani siku hiyo. Tukiwa hivyo, tusishangae mtu akidhani kuwa Mungu naye yuko hivyo hivyo.

Baadaye nilisoma na yule dada Injili ya Yohana, mlango wa 18 na wa 21, siku moja kwa pamoja. Fanya hivyo na wewe, usingoje Pasaka. Petro anamkana Bwana mara tatu, naye yuko uani kwa kuhani mkuu anaota moto wa makaa. Baada ya kufufuka, Yesu anawangoja wanafunzi ufukweni, na Yohana anautaja tena moto wa makaa, safari hii una samaki juu yake, na mkate. Sisi watu wa pwani tunajua harufu ya samaki juu ya makaa inavyofika mbali. Siamini kwamba Petro alifika pale asikumbuke ule uwanja. Lakini tazama mambo yalivyopangwa. Kwanza Yesu anasema, "Njoni mfungue kinywa." Wanakula. Wakishakula ndipo Petro anaulizwa, mara tatu, na haulizwi kwa nini alimkana. Anaulizwa kama anampenda. Kisha anakabidhiwa kondoo awalishe. Kazi ilikuja baada ya chai. Yule dada alikuwa amefanya kazi miaka yote ili akaribishwe mezani, na meza ilikuwa imetandikwa kabla hajashika ufagio.

Yuda naye alijuta, tusisahau. Mathayo anasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha na akakiri kwamba amekosa. Ila alikiri kwa watu walewale waliomtumia, nao wakamjibu, "Yatupasani sisi?" Akatoka, akaenda kujinyonga. Wote wawili walikuwa na hatia, wote wawili waliumia. Mmoja alibaki mahali ambapo Yesu angeweza kumkuta. Ndiyo maana, ninaposoma habari hiyo siku hizi, nafikiria sana unamwambia nani lililo moyoni mwako.

Kwanza mwambie Mungu, na umwambie jambo lenyewe. Zile sala za "nisamehe dhambi zangu zote nilizotenda kwa kujua na kwa kutojua" zina mahali pake ibadani, lakini hatia inayokuamsha saa nane za usiku ina jina, ina tarehe, ina sura ya mtu. Litaje. Daudi katika Zaburi ya 32 anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Nimewaona watu waliochakaa mifupa kwa kunyamaza, wanatibiwa tumbo na presha huku jambo limelala pale pale.

Kisha tafuta mtu mmoja. Yakobo aliagiza tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa. Walutheri wengi hatujui kwamba tunaweza kumwomba mchungaji ungamo la faragha, ingawa Katekisimu Ndogo tuliyoikariri darasa la kipaimara ina sehemu nzima ya ungamo. Ndugu zetu Wakatoliki wana kitubio, na nimewaona wakitoka pale wamenyooka mgongo. Huyo utakayemwambia asiwe mtu anayekuletea siri za wengine, kwa sababu na yako ataipeleka. Asiwe mtu wa kuligeuza jambo lako kuwa ombi maalumu kwenye kundi la WhatsApp. Na kama ulimwona akishtuka kupita kiasi kwa kosa dogo la mtu mwingine, huyo mpite.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya, nami nataka kulisema polepole. Deni la kwa Mungu limefutwa. Deni la kwa jirani yako bado unalo.

Baba mmoja alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani. Fedha za kina mama zilipungua mikononi mwake, kikoba kikavunjika, akahama mtaa. Kwenye usharika mpya akawa mtoaji hodari. Harambee yoyote, jina lake liko juu. Alipokuja kunieleza alisema neno la kweli kabisa: "Nilimpa Mungu kwa sababu Mungu hanidai mbele za watu." Mimi na mchungaji tulimwambia jambo moja, asitoe tena harambee mpaka awatafute wale kina mama. Aliwatafuta. Mmoja alimtukana mpaka majirani wakatoka nje. Mwingine alishafariki, akawapelekea wanawe. Analipa kidogo kidogo hadi leo, na safari hii ni marejesho ya halali, yana mwisho.

Msome Zakayo katika Luka 19. Torati ilimtaka mkosaji arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akaahidi mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini. Lakini Yesu alikuwa ameshamwita ashuke mtini na ameshasema atashinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajaahidi hata shilingi. Huyu baba naye hakulipa ili asamehewe. Alipoamini kwamba amesamehewa, ndipo akapata nguvu ya kwenda kugonga milango ile.

Kuna kundi jingine ninalolionea uchungu zaidi. Ni wale wanaouziwa msamaha. Dar es Salaam haina upungufu wa mahali ambapo mwanamke aliyewahi kutoa mimba ataambiwa kwamba damu ile imefunga tumbo lake, na kwamba kuifungua kunahitaji sadaka ya kujimaliza, na chupa ya mafuta, na baada ya mafuta chupa nyingine. Nimekaa na mama aliyeuza cherehani yake kwa ajili hiyo. Huo si utumishi, ni wizi juu ya kidonda. Simoni wa Samaria alipowapa mitume fedha apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Na sisi tunaoadhimisha Matengenezo ya Kanisa kila tarehe 31 Oktoba tunapaswa kukumbuka kwamba Luther mwaka 1517 aliandika hoja zake 95 kwa sababu ya biashara ya aina hiyo, vyeti vya msamaha vilivyouzwa kwa watu maskini wa Ujerumani. Ukitajiwa bei ya rehema, nyanyuka uondoke. Huhitaji kuaga.

Na hisia ya hatia ikirudi? Itarudi. Luther huyohuyo alipokuwa mtawa alikaa kwenye ungamo kwa saa nyingi, akitoka anakumbuka jingine. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alimwelekeza aache kujichunguza bila mwisho amtazame Kristo na majeraha yake. Mimi hushika mstari mmoja wa 1 Yohana 3, kwamba moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Anajua yote, pamoja na lile ambalo sikupata maneno ya kulisema, na ndiye huyohuyo aliyesamehe. Ukiamka usiku usianze kesi upya. Soma mstari huo kwa sauti, ingia chooni, kunywa maji, rudi kitandani.

Ila kama wiki zinapita huli, hulali, unajilaumu hata kwa mambo ambayo hukuyafanya, au wazo la kujiua limeanza kukuzoea, usifungiwe ndani kwa maombi peke yake. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili na hospitali nyingine zitakuelekeza. Nimemsindikiza mtu mimi mwenyewe, nikamwombea kwenye daladala, nikakaa naye kwenye foleni. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani yako.

Mwisho niseme na wewe unayeambiwa siri za namna hii. Msikilize mpaka amalize, usimkatize kwa mahubiri wala kwa kisa chako. Mwambie wazi, kwa maneno, kwamba katika Kristo amesamehewa, maana wengine hawajawahi kuambiwa na kinywa cha mtu. Kama amemjeruhi mtu aliye hai, panga naye namna ya kurekebisha, ukiangalia asimwumize tena yule aliyeumizwa. Halafu nyamaza. Usimwambie mumeo au mkeo, usilidokeze kwenye maombi ya jumuiya, usimtupie jicho mhubiri akigusa mada hiyo. Mkikutana Jumapili mwulize habari za kazi na watoto. Akitaka kuliongelea tena, ataanza mwenyewe.