Hita ya gesi isiyo na bomba chumbani kwenye treila: irudishe dukani

Mkuu, kabla hujatupa boksi la hiyo hita, irudishe. Umesema upo Dakota Kaskazini, Marekani, unaishi kwenye treila ya futi 28, chumba cha kulala cha mbele hakipati joto. Kwa hiyo unataka kuweka hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi karibu na kitanda, uzibe tundu la hewa la paani kwa sponji kama alivyoshauri bwana mmoja kwenye video, halafu unauliza ununue blanketi lipi na mapazia ya aina gani. Blanketi na mapazia visubiri. Hilo la hita na sponji ndilo limenitoa kitandani.

Piga hesabu. Kila kilo ya propani, yaani gesi ya hiyo hita, ikiungua hutoa kama kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke. Mtungi wa paundi 20 una gesi kilo 9. Ukiumalizia ndani, umemwaga lita 14 na ushee kwenye chumba ambacho kufungua kabati tu lazima upande kitandani kwanza. Hapo sijahesabu pumzi zenu za usiku kucha.

Maji hayo yanatafuta palipo na baridi: fremu za dirisha, pembe za kabati, na zaidi ya yote chini ya godoro. Godoro limelalia plaiwudi, na chini ya plaiwudi kuna stoo isiyo na joto. Unyevu unapenya kwenye godoro, unakutana na ubao wa baridi, unageuka maji. Wiki tatu huoni kitu. Siku unanyanyua godoro utandike vizuri, unakuta madoa meusi yananuka kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa, na plaiwudi ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kama andazi. Hapo usihangaike na dawa ya ukungu. Godoro linatupwa, ubao unatolewa, na omba ukuta uwe haujaguswa. Ada hiyo nimeshalipa, hamna haja darasa zima tulipe.

Huo ni unyevu tu. Moto uleule ukikosa hewa ya kutosha unazalisha kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Nyumbani tunawalaumu watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, tukivuka bahari tunadhani jiko likiwa na plastiki na nembo basi limeokoka! Muuzaji atakwambia ina sensa. Sensa hiyo huzima hita oksijeni ikipungua. Kaboni monoksidi haiipimi. Na yule bwana wa video aliyewashauri mzibe kila tundu, muulizeni kama huwa analala humo au anarekodi tu halafu anarudi kwake kwenye nyumba ya matofali.

Kanuni ni moja: moto unaolala nao chumba kimoja, moshi wake utoke nje kwa bomba lake.

Na moto wa namna hiyo tayari unao. Hita iliyojengewa kwenye treila inavuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje kupitia ubavuni. Tafuta kwa nini joto lake halifiki chumbani. Fungua paneli chini ya kitanda uangalie bomba la hewa, lile la kujikunja kama kodiani. Mara nyingi limebanwa na masanduku, limepigwa kona kali, au limechomoka kabisa na linapasha joto viatu. Linyooshe, kata urefu uliozidi, funga maungio kwa tepu ya foili. Ile ya kitambaa inabanduka ikipata joto. Acha uwazi wa sentimita 2 au 3 chini ya mlango, maana hewa isipopata pa kurudia haiingii. Matundu ya sebuleni usiyafunge yote ukidhani unasukumia joto chumbani: hita inachemka kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto, feni inabaki kupuliza baridi.

Kama hujaunganisha umeme wa nje, feni ya hita inakula ampea 8 hivi za betri. Ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa 10, hizo ni ampea-saa 40, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuitoa zaidi ya 50. Volti zikishuka hadi 11 hivi, feni inazunguka kivivu, kiswichi cha upepo, kile kinachosubiri upepo wa feni ndipo kiruhusu moto, hakijifungi, moto hauwaki. Ndiyo maana saa kumi alfajiri unaamka meno yanagongana.

Hita ndogo ya umeme ruksa, wati 1500, ambayo kwa volti 120 ni ampea 12.5. Moja tu kwa kila laini ya umeme, bila ekstensheni nyembamba, na baada ya nusu saa shika plagi; ikiwa ya moto, chomoa. Ila iwe chumbani, mbali na themostati, kile kidude kinachopima joto na kuiwasha hita kubwa iliyojengewa. Ukipasha sebule kwa umeme, hita kubwa haitawaka, na mabomba ya maji chini ya sakafu yanayotegemea joto lake yataganda.

Tundu la paani liache wazi kidogo, kitanda kiwekee fito hewa ipite chini ya godoro, kipima unyevu kisome asilimia 40 hadi 50. King'ora cha kaboni monoksidi kigeuze nyuma usome tarehe. Kinaisha muda kama maziwa.

Sasa nyanyua godoro, pitisha kiganja kwenye plaiwudi, halafu tupia picha hapa.