Nani anampumulia mama akiwa kwenye nusu kaputi?

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama mama anaweza kuacha kupumua wakati wa upasuaji wa tumbo. Ndiyo, dawa za kulegeza misuli husimamisha pumzi yake, lakini haachwi hivyo. Kwanza huvutishwa oksijeni kwa barakoa. Akishalala, mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, na mashine humpumulia. Kibanio cha kidoleni husoma oksijeni muda wote.

Kazi yenu kubwa ni tumbo liwe tupu: chakula kikome muda wa saa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi, maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa daktari aseme vingine. Tafadhali msimpe uji kwa huruma! Akitapika usingizini, matapishi huweza kuingia mapafuni. Mwambieni pia mtaalamu wa usingizi kama mama ana pumu au jino linalolegea. Koo likimwasha baadaye, ni ule mpira. Kwa kawaida hupoa baada ya siku chache.