Maswali ya Wasomaji: Ruti Zikiachwa Huru, Magari Yatafika Ngudu?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wa Ngudu, wilayani Kwimba, asubuhi tunapata magari ya kwenda Mwanza mjini, lakini jioni hubaki michomoko, yaani magari madogo ya abiria, inayoshindilia abiria. Wapo wanaosema serikali ikiacha kupanga nauli na kugawa ruti, magari yatakuja yenyewe. Je, ni kweli?
Msomaji, Ngudu

JIBU: Ndugu msomaji, kwa njia zenye abiria wengi huenda ikawa kweli, kwa safari ya jioni ya Ngudu naogopa itakuwa kinyume, kwa kuwa gari hutumia karibu mafuta yale yale likiwa limejaa au limebaki nusu tupu, na mwenye gari aliye huru kuchagua ataliweka palipojaa.

Marekani walilipitia jambo hili. Kabla ya mwaka 1982, kampuni ya mabasi ililindwa dhidi ya washindani katika njia nono, na faida ya huko ndiyo iliyobeba njia za miji midogo. Sheria ya mwaka huo ilifungua ushindani na kurahisisha kuacha njia zenye hasara, hata pale majimbo yalipokataa. Faida ikapungua, msaada ule wa kimyakimya ukakatika, na miji mingi midogo ikapoteza basi lake. Kwa ndege walikuwa waangalifu zaidi: walipolegeza udhibiti mwaka 1978, walitenga ruzuku ya kulinda safari za miji midogo. Uingereza nayo, ilipoachia huru mabasi ya nje ya London mwaka 1986, iliziruhusu halmashauri kununua kwa zabuni safari zisizojilipa.

Hata hivyo, udhibiti wetu hauko salama kwa kuwepo tu. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huweka ukomo wa nauli, na ukomo huo usipofidia safari ya jioni, gari hulala mjini na abiria huachiwa mchomoko. Kwa maoni yangu, anayepewa leseni ya njia yenye faida afungwe na sharti la safari ya jioni, au halmashauri iilipie kwa zabuni.

Mwandikieni diwani wenu na ofisi ya LATRA ya mkoa, mkitaja saa mnazokwama, vituo, na idadi ya abiria wanaosubiri kila siku kwa wiki kadhaa, kwa sababu bila hesabu hiyo hakuna msafirishaji atakayeweza kutaja bei.