Ukiwapeleka wasanii wakatengeneze kazi zao ng'ambo ya mpaka

Siku ya tatu asubuhi mama mfinyanzi alikigonga chungu kwa ukucha, akasikiliza, akagonga tena. Alipokigeuza niliona ufa mwembamba kama unywele, umepanda kutoka kwenye kitako hadi shingoni. Usiku tulikuwa tumeacha feni za ukumbi zinazunguka ili vyungu vikauke upesi. Tulidhani tunamsaidia. Vyungu 5 kati ya 9 vilikuwa vimepasuka, na uzinduzi wa maonyesho ulikuwa keshokutwa.

Hiyo ilikuwa Karonga, kaskazini mwa Malawi, na ndiyo maonyesho yangu ya kwanza nje ya nchi. Nilitoka Mbeya na wasanii watatu: mama huyo, mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, kule Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, dada anayesuka vikapu vya milulu kutoka Iringa, na kijana mchoraji wa hapa mjini. Mpango ulikuwa wasibebe kazi hata moja iliyokamilika. Wangefanya kazi palepale siku 4, watu waje waone, kisha tufungue maonyesho. Nimerudi tena tangu hapo, na mtu akiniuliza aanzie wapi namjibu: anza na siku. Kabla hujatafuta ukumbi wala mgeni rasmi, jua kila kazi inataka siku ngapi, na anayezihesabu awe msanii mwenyewe.

Mimi nilimhesabia. Mama alikuwa ameshanieleza tungali nyumbani: chungu hukauka kivulini, taratibu, kikianza kukakamaa kinasuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae, kinapambwa kwa udongo mwekundu na mweupe, kinaachwa tena, ndipo kinachomwa. Nilimsikiliza vizuri, nikaitikia, halafu nikaandika siku 4 kwa sababu pesa ya malazi ilitosha hizo tu. Safari ya pili tulikaa siku 12 na tukapunguza msanii mmoja. Kumwacha mtu kunauma, lakini naamini wasanii wawili waliotulia wanampa mtazamaji kitu kikubwa kuliko watatu wanaokimbizana na saa.

Jambo la pili ni kwenda kuona mahali kabla, na ukiweza nenda na msanii mmoja. Wenyeji wetu walituambia kwenye simu kwamba udongo upo tele, na kweli ulikuwepo, rundo zima nyuma ya ukumbi. Mama alichukua donge, akalifikicha kwa vidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mwalimu, huu ni wa matofali." Ziwa ni lilelile, wao wanaliita Malawi na sisi Nyasa, ila udongo ni mwingine. Ilibidi kijana mmoja arudi Matema kuleta viroba viwili. Nauli yake na siku iliyopotea havikuwemo kwenye bajeti.

Hali ya hewa nayo iulizie. Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Karonga iko ufukweni, karibu mita 500. Mchoraji wetu amezoea rangi inayompa muda wa kuchanganya ukutani. Kule ilikaukia kwenye brashi. Akaanza kuamka kabla ya jua, anapaka mpaka saa 4, kisha anapumzika hadi jioni, na ukuta wake ukawa mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akichora. Kuhusu moto, nakiri sikuufikiria kabisa. Vyungu vya Kikisi vinachomwa mahali pa wazi, na mwenye ukumbi hakutaka hata jiko la mkaa kwenye uwanja wake. Tuliishia ufukweni, kwa ruhusa tuliyoiomba mbio mbio, akina mama wa jirani wakitusaidia kubeba nyasi na kuni. Ruhusa ya moto iombe mapema, kwa maandishi.

Sasa mpaka. Tulipita Tukuyu hadi Kasumulu, tukavuka daraja la Mto Songwe. Watanzania hatuhitaji viza kuingia Malawi, na ndiyo maana nilijisahau. Watu walipita, milulu ilibaki. Ni mmea, hata kama umekaushwa na kutiwa rangi, na ofisa alitaka cheti cha afya ya mimea ambacho sikuwa nacho. Robota lililala mpakani, na dada yetu alishinda siku nzima ukumbini akitazama wenzake wanafanya kazi. Ile sura yake sijaisahau. Kwa hiyo kila kitu kilichowahi kuota, kiwe nyasi, mbao au mbegu za kupambia, kiulizie pande zote mbili wiki kadhaa kabla. Zana nazo ziorodheshe na kuzipiga picha, uitangaze orodha hiyo forodhani unapotoka, ili zisije zikaonekana ni bidhaa mpya unaporudi. Kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kwa wasanii wanaokwenda nje kiombe mapema pia. Ofisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza.

Halafu kuna saa. Fundi umeme tuliyemwita saa 2 asubuhi alifika saa 3, tukamnunia. Yeye hakuwa amechelewa hata dakika moja: saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na hakuna kati yetu aliyerekebisha simu. Nilimwomba radhi. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wetu lugha ni moja, hivyo "ndaga fijo", yaani asante sana, ilinisaidia kuliko Kiingereza changu.

Palipotaka kutugombanisha hasa ni kwenye umiliki. Wenyeji walinunua rangi na kulipia malazi, wakaamini kila kilichotengenezwa pale ni chao. Wasanii waliamini ni vyao. Wote walikuwa na haki ya kufikiri hivyo, kwa sababu mimi mratibu sikuwa nimeandika chochote. Siku hizi kuna ukurasa mmoja unaosainiwa kabla hatujapanda basi: kipi kinabaki, kipi kinarudi na nani anagharamia, nani anaruhusiwa kutumia picha. Ujira wa msanii umo humo, mbali na posho ya chakula. Ukimwambia msanii malipo yake ni kujulikana, usimpeleke.

Na mlango uwe na saa zake. Siku ya kwanza watoto wa shule walijaa, kila mmoja akitaka kugusa udongo. Mama aliwagawia madonge, wakafinyanga ng'ombe na mitumbwi, akawasifu mmoja mmoja. Mwenyeji alipotaka vipangwe mezani pamoja na vyungu, mama alikataa kwa upole: "Hivi wapelekeeni mama zao." Tangu hapo tunafungua mchana tu, na asubuhi ni ya wasanii peke yao.

Tunakwenda tena kiangazi hiki. Mama amesema atatangulia wiki nzima, na viroba vyake vya udongo tayari viko kwangu, ukumbini, vimefunikwa kwa magunia mabichi ninayoyanyunyizia maji kila jioni.