Vanishi ya UV yenye ukungu mweupe

SWALI: Nina karakana ya samani karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Mteja mwenye hoteli alitaka meza zisizoshika madoa, nikanunua vanishi ya maji ya poliurethani yenye florini, ile inayokomazwa kwa taa ya UV. Ikitoka kwenye taa ni ngumu, lakini ina ukungu mweupe. Mkono wa pili, yaani tabaka la pili la vanishi, nao unajikusanya matone matone. Ninunue taa kubwa zaidi, au nianike juani?

JIBU: Usinunue taa bado, ndugu fundi. Ukungu huo karibu kila mara ni maji yaliyofungiwa ndani. Taa haikaushi vanishi hii. Mwanga wake huamsha kianzishi kilichomo, yaani kemikali inayoanzisha ukomavu, nacho huunganisha akrilati (molekuli za vanishi zinazoshikana) kuwa wavu mmoja kwa sekunde chache tu. Wavu ukishafunga, maji yaliyobaki hayana pa kutokea. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, na wakati wa masika kupima ukavu kwa kugusa na kidole hakutoshi. Paka nyembamba, pitisha hewa vuguvugu ya nyuzi 40 hadi 60, kisha tazama: utando ukiwa bado na weupe wa maziwa, maji yamo. Washa taa ukishakuwa angavu kabisa.

Matone ni kazi ya florini. Maji yanapotoka, minyororo yenye florini hupanda juu na kuacha uso usiovutia chochote. Hiyo ndiyo sababu chai na mafuta hayashiki mezani, na vanishi mpya haishiki vilevile. Mikono ya chini ipake kwa vanishi ya UV isiyo na florini, piga msasa laini, futa vumbi, kisha ya florini iwe ya mwisho. Meza zilizokwisha kuharibika, ondoa utando wote wenye ukungu kwa msasa.

Juani, hapana. UV ya jua ni hafifu kuliko ya taa na wingu huikatiza. Mwanga ukiwa dhaifu, oksijeni ya hewani huzuia uso kukomaa, ukabaki ukinata. Kazi ya hoteli singeikabidhi hivyo.

Vaa miwani ya kuzuia UV na glavu, maana akrilati mbichi huweza kukuletea mzio wa ngozi.

Ukifanya haya yote na utando bado haujawa mgumu, hapo ndipo uichunguze taa. Muulize muuzaji kianzishi kinahitaji mwanga wa nanomita ngapi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga): taa ya LED ya 395 haiwezi kuamsha vizuri kilichotengenezewa 365, hata ungeiongezea nguvu.