"Hakuna shida," hoteli ilisema, na jikoni hawana habari

Swali: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka saba ana mzio mkali wa karanga. Kabla ya safari niliwaandikia hoteli barua pepe, wakajibu: "Tumepokea, hakuna shida kabisa." Tulipofika, mapokezi hawakuwa na habari. Asubuhi kwenye bafe nikamuuliza mhudumu kama keki ina karanga, akasema ni zile za juu tu, nizibandue. Meneja naye akashauri mtoto ale matunda, kisha akaniletea fomu niweke sahihi kwamba hoteli haitahusika na lolote. Nilikataa. Tulikula vitu vya pakiti mpaka tukaondoka. Mume wangu anasema mtoto hakudhurika, yaishe. Je, ninakuza mambo?
Mama mwenye wasiwasi

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukuzi jambo hata kidogo. Mwambie baba yake kwamba mtoto hakudhurika kwa sababu mama alimzuia asile. Hoteli haina sifa yoyote hapo.

Niliwahi kufanya kazi jikoni hotelini kabla ya kushika kalamu hii, na hilo la "zibandue" limenichoma. Kinachodhuru ni protini ya karanga, na makombo yaliyoganda kwenye keki yanaweza kutosha kumbana pumzi mtoto mwenye mzio mkali. Kuoka hakuimalizi protini hiyo. Bafe ndiyo usiseme: mgeni anachota sosi ya karanga, kijiko anakirudisha kwenye bakuli la pili, na hakuna aliyeona. Hata mpishi anayejipaka jeli ya spiriti mikononi akidhani ameshatakata, jeli ile inaua vijidudu tu, karanga inabaki palepale mpaka aoshe kwa maji na sabuni.

Sasa ile barua pepe. Mara nyingi anayeijibu ni mtu wa kupokea oda za vyumba, jikoni hajakanyaga. Ujumbe wako ulitakiwa uingie kwenye rekodi ya mgeni, ufike kwa mpishi wa zamu, naye aukabidhi kwa zamu inayofuata, maana wapishi wa asubuhi sio wale wa jioni. Wako ulikufa palepale ulipopokelewa. Mimi "hakuna shida" isiyoandamana na swali hata moja hunitia hofu. Jiko linaloelewa litakuuliza: ni karanga tu, au na korosho na lozi? Akigusa kidogo inakuwaje? Mtakula saa ngapi? Na lisiloweza liseme mapema kwamba haliwezi, utafute kwingine. Hiyo nayo ni huduma nzuri, ingawa wenye hoteli wengi wanaiona aibu.

Fomu ulifanya vyema kuikataa; sahihi yako haisafishi kijiko. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hoteli inalazimika kumweleza mgeni kama chakula kina chochote kati ya vizio 14 vilivyoorodheshwa, yaani vyakula vinavyoleta mzio, karanga ikiwamo. Hata pasipo na sheria kama hiyo, mtu aliyeoka keki hashindwi kusema ameweka nini.

Safari ijayo omba kuonana na mpishi mwenyewe, saa ambayo hakuna msongamano. Achana na bafe. Chakula cha mtoto kipikwe kwenye chombo kilichooshwa, kifunikwe, na akilete mtu anayejua ni cha nani. Sindano za adrenalini alizoandikiwa na daktari zikae kwenye mkoba unaotembea nao, chumbani usiziache. Akivimba mdomo na kuanza kuhema kwa shida, mchome mara moja upande wa nje wa paja. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hiyo. Mlaze, au mkalishe kama pumzi inambana, asisimame wala kutembea. Kisha hospitali, hata akichangamka, kwa kuwa hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Malalamiko yaandike. Taja tarehe, alichosema mhudumu, alichosema meneja, na uambatanishe lile jibu lao. Waulize ujumbe ulikwama kwa nani na wamerekebisha nini; wakikupa ofa ya kulala bure badala ya jibu, rudia swali. Na barua usiiache mapokezi, itaishia kwenye droo. Mpelekee meneja mkuu, nakala kwa wamiliki.